Sururu Mlangoni pa Hema

Mwanangu Yona,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, pale stesheni ya Dodoma, na najua zitakuwa fupi, kwa sababu mbele ya watu mimi hukauka kama gogo. Ndiyo maana naandika. Wewe umekwenda kuwaaga wajomba zako, nami nimekaa kwenye kivuli cha tembe, ubao wako wa shule uko magotini, na juu yake karatasi niliyoomba kwa mwalimu wa misheni. Dada yako Eliza anatwanga uwele huku ananitazama kwa pembeni. Anadhani naandika wosia. Nimemwambia atwange tu.

Sitakuambia ule nini wala ulale wapi. Eliza ameyasema hayo wiki nzima mpaka kuku wameyajua. Mimi nataka kukuambia habari ya kuacha kazi. Utacheka: kijana hajaianza kazi, baba yake anamwandikia namna ya kuiacha. Lakini kuingia hakumshindi mtu. Wakati wa kuingia watu wanakushika mkono, wanakupa blanketi, wanakuuliza jina la baba yako kwa upole. Mimi nimeingia kazini mara moja tu maishani, na kutoka huko ndiko kulikoniharibia nyumba. Hujapata kuyasikia yote. Ulikuwa mtoto, na baadaye ulikuwa umeninyamazia, nami sikuwa na ujasiri wa kuanza.

Mwaka ule mvua ilikatika uwele ukiwa magotini. Kodi haikukatika. Jumbe akapita nyumba kwa nyumba akisema reli inataka watu, na kila aliyekwenda nilimwona ana shuka mpya. Nikaenda. Kambi yetu ilikuwa upande wa Kigwe, mwendo wa siku mbili kutoka hapa Buigiri, na kazi yangu ilikuwa kuvunja mawe kwa sururu. Kila mtu alipewa kipande, ile karatasi ngumu yenye vyumba thelathini vya siku za kazi. Ukifanya kazi siku nzima, unatiwa alama. Ukiugua, hakuna alama. Mvua ikinyesha ikazuia kazi, hakuna alama. Kipande kikijaa unapewa kingine, na mkataba wangu ulisema vipande sita. Niliposikia sita nilidhani ni miezi sita. Wengi tulidhani hivyo. Mtu wa kwanza kunifungua macho alikuwa Issa, mnyapara wetu, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa kambini tangu mavuno ya mwaka wa nyuma na bado alikuwa kwenye kipande cha nne.

Nilikuwa nimefika cha tatu habari iliponijia. Ililetwa na mama mmoja wa huku kwetu aliyekuwa akipita kambini kuuza maziwa ya mgando. Alisema mama yako amejifungua mtoto asiye na uhai, na homa imemshika, haimwachi. Alisema hivi: “Anakuulizia. Hasemi sana, lakini kila akisikia hatua uani anauliza kama ni wewe.”

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa na sura ya adabu.

Unajua desturi yetu ya kuwekeza ng'ombe. Mwenye mifugo mingi anampa mtu mwingine amchungie, naye anakunywa maziwa na kupata ndama kwa miaka. Mimi nilikulia katika kazi hiyo, nikichunga ng'ombe wa mzee mmoja wa Chamwino. Sasa mchungaji akitaka kuacha, hasemi kwa mdomo wake. Kumwambia mtu usoni “nimechoka na ng'ombe zako” ni kumtukana, na ng'ombe wenyewe watasikia. Anamtafuta mzee wa kumsemea, na mzee yule anakwenda alfajiri kabla ya kukamua, anailaza fimbo ya mchungaji mlangoni pa zizi, anaondoka. Mwenye ng'ombe akiiona, kama hataki umwache, anaiinua, na hapo mnakaa kuzungumza. Akiiacha imelala mpaka mwezi uandame, basi amekuruhusu, na wewe unaondoka mchana kweupe na kibuyu cha maziwa begani. Muda wote huo unaendelea kuchunga kwa fimbo nyingine. Hivyo hakuna aliyeaibika, na mwenye mali amepata nafasi ya kutafuta mtu mwingine. Mpaka leo sijaona njia nzuri kuliko hiyo ya watu wawili kuachana.

Basi nikafanya hivyo. Palikuwa na mzee mmoja kambini, mzee Malogo, Mgogo mwenzetu aliyekuwa akichota maji kwa sababu mgongo wake haukuweza tena mawe. Nikamweleza. Akakubali, akasema ni vizuri kijana anakumbuka mambo ya kwao hata huku kwa wageni. Alfajiri akaichukua sururu yangu, akailaza mbele ya hema la bwana wa kambi, mpini umeelekea nje. Mimi nikaenda kazini na sururu ya kuazima.

Siku ile jioni Issa alinijia. Yeye alikuwa amesikia habari za mama yako kwa yule mama wa maziwa. Alichuchumaa karibu na moto wangu, akaniambia kwa sauti ndogo: “Baba Eliza, ondoka leo. Mimi nitakutia alama siku mbili tatu, watajua wakiwa wamechelewa mno kukufuata. Nenda ukamwone mke wako.”

Nilimjibu kwamba mimi si mtoro. Nilimwambia nimekwisha aga, sururu iko mlangoni, na mwezi uko karibu kuandama. Yeye hakujua desturi ile, lakini aliniangalia kama mtu anayemwona mwenzake akipanda kwenye mti uliooza. Alinishauri tena. Nikamwambia subira huvuta heri. Nilikisema kile kimethali kwa kiburi, Yona, kiburi cha mtu anayejua anafanya jambo kwa haki.

Na sururu ikalala. Kila asubuhi nilipita nikiitazama. Bwana alitoka hemani, akairuka, akaenda zake. Jioni akarudi, akairuka tena. Siku moja alisimama akaitazama kwa muda mrefu, nikadhani ataiinua. Hakuiinua. Mzee Malogo akacheka kwa furaha, akasema Mzungu huyu ana utu kuliko tulivyomdhania, ametuelewa kabisa. Tukamsifu sana kambini. Sisi wawili tulimsifu mtu kwa jambo ambalo hakulijua, na kila siku niliyomsifu mama yako alikuwa anasikiliza hatua uani.

Mwezi ukaandama. Asubuhi nikafunga mzigo wangu, nikawaaga watu wote, nikapita mbele ya bwana mwenyewe nikainama nikamwambia kwa salamu yetu ya Kigogo, “mbukwa, bwana”. Naye akaniinulia mkono. Akaniinulia mkono, mwanangu. Nikatoka pale natembea katikati ya njia, siku nzima, kipande changu kimefungwa kwenye pembe ya shuka. Sikujificha hata kwenye kichaka. Nilipofika Makole, kabla ya boma, askari wawili walinisimamisha wakaniuliza kipande. Nilikitoa kwa furaha. Walikitazama, wakaona vyumba vitupu, wakanifunga kamba.

Mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa boma, kulikuwa na mkalimani, kijana wa pwani mwenye kanzu safi. Niliulizwa nani aliyeniruhusu. Nikasema, “Bwana wa kambi. Sururu yangu imelala mlangoni kwake mpaka mwezi umeandama, wala hakuiinua.”

Mkalimani hakutafsiri. Alinisogelea kidogo akaniuliza pole pole, “Ndugu yangu, niseme nini hapa? Nikisema hayo atatucheka wote wawili.” Kisha akamgeukia Bwana Shauri akasema neno fupi sana. Nililijua lile neno kwa ufupi wake. Lilikuwa ni kutoroka.

Bwana wa kambi aliitwa kushuhudia, na hapo ndipo nilipojua. Aliulizwa kama aliiona sururu. Akasema aliiona, na ilimsumbua. Alidhani ni dawa, kwamba watu wameweka uchawi mlangoni kwake, na kwa kuwa hakutaka ugomvi na watu aliamua asiiguse. Siku zote zile alikuwa anairuka kwa hofu. Na ule mkono alioniinulia? Alidhani ninakwenda mtoni. Hakuwa mtu mbaya, nakuambia kweli, na mpaka leo sijui nimchukie vipi. Alisomewa mkataba, nikasomewa na mimi: anayetaka kuacha ataje mwenyewe, kwa mdomo, mbele ya bwana wake, mwezi mmoja kabla, na vipande vyake viwe vimejaa. Nilikuwa nimepaka kidole wino nikakibandika kwenye karatasi ile bila kujua ina maneno hayo. Walinipiga viboko vyao, wakanirudisha Kigwe, na kile kipande cha tatu kikaanza upya kana kwamba sikuwahi kuvunja hata jiwe moja.

Sikusimulii viboko. Viboko vinapona. Ninalokusimulia ni kwamba Kigwe na Buigiri ni siku mbili tu, na siku ile Issa aliponiambia ondoka, mama yako alikuwa hai. Aliishi mpaka mwezi ulipoandama na kupita. Eliza ndiye aliyenihesabia baadaye, bila kujua ananifanya nini. Ningekuwa mtoro, ningemkuta. Labda nisingemponya, nami si mganga, lakini ningeingia uani na hatua zingekuwa zangu.

Habari ya kifo aliileta yule yule mama wa maziwa. Siku hiyo hakuuza. Alisimama mbali, kibuyu chake kichwani, mpaka nikamwona mwenyewe. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Nilimfuata bwana hemani, nikamwambia kwa mdomo wangu, Issa akiwa shahidi na akinitafsiria, kwamba naomba kwenda kumlilia mke wangu kisha nirudi. Alisikitika. Aliniambia pole kwa Kiswahili. Halafu akasema mkataba unataka mwezi mmoja. Tulipotoka nje nilimwuliza Issa kama mke wangu naye alitakiwa kutoa taarifa mwezi mmoja kabla. Issa alinikalisha kwenye jiwe, akaniletea maji.

Nikakaa. Nikavunja mawe mpaka vipande vikakaribia kujaa. Mwezi mmoja kabla, kama walivyotaka, nikaenda kwa bwana nikasema: naacha. Akakubali, akaitikia kwa kichwa, tena akanipa tumbaku. Nikaona sasa nimeijua kazi yao. Wiki moja kabla ya siku yangu yule bwana akahamishwa kwenda mbele reli inakoelekea, akaja mwingine, kijana, mwekundu wa uso kwa jua. Huyo akasema hajaambiwa kitu na mtu. Issa akaleta karatasi aliyoiandika siku ile, kwa herufi za Kiarabu, tarehe na maneno yote. Bwana mpya akaigeuza juu chini, akasema haisomeki. Nikatakiwa kuanza upya kuhesabu mwezi wa kuaga.

Mwezi huo nao ulipokwisha ndipo nilipofika nyumbani, na wewe ulikuwa unachunga ndama pale chini ya kilima. Uliniona. Ulisimama, kisha ukaendelea na ndama wako. Jioni ulipokuwa unakula mlenda ukaniuliza, bila hasira, kama unauliza habari ya mvua, “Baba, njia ya kutoka huko ni ndefu hivyo?” Nikakujibu ni ndefu. Hilo ndilo jibu ulilopata kwangu kwa miaka yote hii. Nisamehe kwa ufupi wake.

Wakati ule niliamini tatizo langu ni kutojua kusoma. Nilijiambia, kama ningeisoma karatasi ile kabla ya kupaka kidole, nisingelaza sururu mlangoni pa mtu. Kama Issa angejua herufi zao, ningerudi mapema. Kwa hiyo nikaenda misheni nikakaa benchi moja na watoto, mimi mwenye ndevu, wewe ukiwa darasa la mbele yangu ukiona aibu. Nakumbuka ulivyokuwa ukijifanya hunijui. Nilivumilia, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba anayejua kusoma hawezi kufungwa na karatasi. Nikakusukuma na wewe usome kwa bidii. Nilikupiga kwa ajili ya herufi, na wewe si mtoto wa kupigwa.

Na sasa umeleta mkataba wako nyumbani, nami nimeusoma.

Nimeusoma mara nyingi kuliko unavyojua. Ukilala nauchukua pale ulipouweka. Nimeelewa kila neno. Unakwenda shamba la mkonge, chini kule, mbele ya Morogoro. Siku ya ugonjwa haihesabiwi. Ukitaka kuacha, utaje mwezi mmoja kabla ya kipande cha mwisho kujaa. Usipotaja, mkataba unahesabiwa umeanza tena, mzima. Bwana akitaka kukuacha wewe, anakuacha siku hiyo hiyo. Yote yameandikwa kwa mwandiko mzuri wala hayakufichwa. Nilikuwa nikitafuta mahali palipofichwa kitu, nipaoneshe kwa kidole, niseme hapa ndipo. Hakuna. Nimejifunza kusoma ili nione vizuri kamba inavyofungwa, basi.

Juzi nilikuambia nakwenda Dodoma kutafuta chumvi. Nilidanganya, ingawa chumvi nilileta. Nilikwenda kwa yule wakala anayeandika watu. Nilivaa shuka yangu safi, nikamwamkia, nikamwambia mwanangu amejiandikisha lakini nataka kulifuta jina lake. Alinisikiliza vizuri tu. Akasema inawezekana: anayetaka kujitoa atoe taarifa mwezi mmoja kabla. Nikamwambia gari la moshi linaondoka wiki hii. Akasema ndiyo, linaondoka.

Nikamwambia basi niandike mimi, umfute yeye. Najua kazi, nimevunja mawe. Akanitazama, na kwa bahati mbaya kikohozi kikanishika pale pale, kile cha vumbi la mawe, unachokisikia usiku ukidhani nimelala. Akangoja nimalize kukohoa. Halafu akasema, “Mzee, nenda nyumbani.” Hakusema kwa dharau. Watu hawa wote niliokutana nao walisema nami kwa upole, na hilo ndilo linalonichosha.

Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, nami nimempisha mpaka nimefika ukutani. Najua kwa nini ulijiandikisha. Jumbe alikuja kutaka mtu mmoja kila nyumba, na mtu wa nyumba hii nilikuwa mimi. Ulikwenda kutia jina nikiwa shambani, ukarudi ukaniambia umependa kuona nchi. Wewe hujapenda nchi yoyote zaidi ya kilima kile na ndama. Nilikaa kimya, kwa sababu ungeniambia kweli ningekuzuia, na ningekuzuia wangekuja kunichukua, na kifua hiki kisingefika Morogoro. Nililijua hilo, nikakuacha uniongopee. Naona aibu kuandika, lakini nimeandika.

Sasa, mashauri. Ninayo machache na siyaamini sana. Kuaga kwako ukuseme kwa bwana mwenyewe, si kwa mnyapara, hata mnyapara awe mwema kama Issa. Useme mapema kuliko mwezi, kisha useme tena. Andika kwa herufi zao, umwombe atie jina lake chini. Akihamishwa, mfuate yule mpya siku ile ile aliyofika, hata kama hajapumzika. Usidhani anayenyamaza amekubali, wala anayekuinulia mkono amekuruhusu. Usifikiri kwamba jambo likiwa la heshima kwetu linaonekana hata machoni mwao. Ukifanya yote haya huenda ukatoka kwa wakati. Huenda usitoke. Nimekaa hapa tangu asubuhi natafuta neno la kukuhakikishia, sijalipata, na kukudanganya siku ya leo siwezi.

Na kutoroka? Najua utaliwaza. Mimi niliyejuta miaka yote kwamba sikutoroka, ningepaswa kukuambia toroka. Nimelipima. Lakini siku zile reli ilikuwa bado inajengwa, na mtu alishindana na miguu ya askari. Leo askari anapanda gari la moshi Morogoro, anafika Dodoma kabla yako, anakungoja amekaa. Watakurudisha, vipande vitaanza upya, na kila ukijaribu vitaanza upya, mpaka unakuwa mzee kwenye mkonge. Nimewaona watu wa namna hiyo. Mzee Malogo alikuwa mmoja wao. Alikufa kule kambini akichota maji, kipande chake hakijajaa.

Kwa hiyo nimeamua jambo, na hili ndilo lililonifanya niandike, mengine yote yalikuwa ya kunisogeza hapa. Kikohozi hiki si cha kupona. Mwuguzi wa misheni ameniambia, na kabla hajaniambia nilijua. Huwezi kumaliza vipande vyako kabla sijafa. Nimemkataza Eliza asikutumie habari. Alilia, akasema ataonekanaje kwa ndugu yake, nikamwapisha. Sitaki mtu aje kusimama mbali na wewe, na kibuyu kichwani, akingoja umwone.

Lakini habari zina miguu, na reli imezipa mingine. Huenda mtu wa huku akakukuta kule akakuambia. Akikuambia naumwa, usifunge mzigo. Akikuambia nimezikwa, usiende kumwomba bwana ruhusa, maana atakuambia pole, kisha atakuambia mwezi mmoja, na sitaki uyasikie maneno hayo mawili kwa pamoja kama nilivyoyasikia mimi. Lia ukiwa na kisu cha mkonge mkononi. Fanya kazi siku nzima, jioni upange mstari na wenzako, uinyoshe karatasi yako. Siku yangu ya kuzikwa usiiache iwe chumba kitupu, mwanangu. Hakikisha wameitia alama.

Ni mimi baba yako, ambaye kesho nitakushika mkono stesheni na sitakuwa na la kusema.